Seli za Daudi na Siri ya Kutambua Uvimbe

Mji wa Kitale, magharibi mwa Kenya, uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma, mita 1,400 hivi. Ukiteremka, malaria inazidi, na malaria inapokuwa ya mwaka mzima ndipo limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya la mtoto, huonekana zaidi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Uganda, aliieleza mwaka 1958, kisha akabaini kwamba karibu na ikweta huadimika kupita mita 1,500. Saratani hiyohiyo imetufunza jinsi kinga inavyotambua uvimbe.

Mwaka 1967, seli za uvimbe wa Burkitt kutoka Kenya zilioteshwa maabarani Stockholm zikaitwa Daudi. Zina kasoro moja: hazitengenezi beta-2 mikroglobulini. Bila protini hiyo, molekuli za HLA za daraja la kwanza, ambazo karibu kila seli yenye kiini huzibeba, hazifiki juu ya utando.

Seli za NK, wauaji asilia wa kinga, hazitegemei kipokezi kimoja cha kunusa saratani. Baadhi ya vipokezi vya KIR hushika HLA na kuzuia shambulio, kama askari wa geti anavyotulia akionyeshwa kitambulisho. Vingine, kama NKG2D, hushika MICA na MICB, protini zinazojitokeza seli ikiwa taabani. Vizuizi vikipungua na vichocheo vikizidi, NK hutoboa utando kwa perforini, huingiza granzimu, na seli lengwa hufa.

Mwaka 1986, Klaas Kärre na wenzake walionyesha kwamba panya huangamiza seli za limfoma zilizopoteza molekuli za aina ya HLA, ilhali zilizobaki nazo hukua. Je, kwa binadamu? Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa waliipachika jeni ya beta-2 mikroglobulini ndani ya Daudi. HLA ikajitokeza, na mashambulizi ya seli za NK yakapungua. Nguvu ya jaribio hilo ni kwamba jeni moja tu ndiyo iliyoongezwa.

Lakini kutambua hakutoshi. Utafiti wa watoto wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Blood Advances, ulikuta kwamba wenye Burkitt wana mrundikano wa seli za NK zisizo na alama ya CD56, na hizo huua kwa udhaifu. Hata hivyo bado zina CD16, kipokezi kinachoshika kingamwili iliyonata kwenye uvimbe. Dawa ya rituximab, inayonata kwenye alama ya CD20 ya limfoma, hutumia mlango huo pia. Kwa hiyo tiba inayofaa watoto wetu lazima ipimwe kwa seli za watoto wetu, waliokulia kwenye malaria.

Wakati huohuo, mzazi wa Bungoma asidhani kila taya lililovimba ni jino bovu. Seli za Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48, ilhali dawa za kemo huitibu vizuri ikiwahiwa. Mtoto apelekwe hospitali leo.