Boriti na Kibanzi: Kujihoji na Kukemea katika I Love Idi Amin ya Festo Kivengere

Makala haya yanahakiki I Love Idi Amin (1977), kitabu cha Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi nchini Uganda, kwa kuuliza swali moja: je, anayetakiwa kujihoji kwanza hupoteza haki ya kumkemea mwenziwe?

Methali isemayo Nyani haoni kundule humnyamazisha mkosoaji. Mfano wa Injili kuhusu boriti na kibanzi humbakizia kazi: akishaiondoa boriti jichoni mwake, ndipo aonapo vema kukitoa kibanzi cha ndugu yake. Kivengere anaandika kutoka katika tofauti hiyo.

Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, yeye akiwamo, walimwandikia Rais Idi Amin wakilalamikia upekuzi wa askari wenye silaha nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum aliuawa, na Kivengere akatoroka kwa miguu kuingia Rwanda. Baadaye, akiwa London siku ya Ijumaa Kuu, alitambua kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa ukimla moyo na kuidhoofisha huduma yake. Akaomba neema ya kusamehe. Hapa yanaonekana malezi ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930: dhambi hutajwa waziwazi mbele ya ndugu, na cheo hakimkingi mtu.

Ubora wa kitabu ni kwamba toba hiyo haifuti ushahidi. Mauaji yanasimuliwa na mtawala anatajwa kwa jina. Unyenyekevu umeondoa kisasi katika karipio, ukauacha ukweli mahali pake.

Hata hivyo, msomaji wa pupa anaweza kuweka uchungu wa aliyeonewa na ukatili wa aliyeonea katika mizani moja. Hatari hiyo inawahusu watunga sera za maridhiano: kusamehe ni uamuzi wa mwathirika, ilhali kuhukumu ni wajibu wa mahakama, na toba ya mwathirika haipaswi kufanywa sharti la kusikilizwa kwake. Kivengere alitimiza sehemu yake. Sehemu ya pili haikutimizwa: Amin alifariki Saudi Arabia mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani.