Marago ya Israeli na Swali la Mzee wa Salale

Sura ya pili ya kitabu cha Hesabu tunaipenda sana sisi wahubiri tunapotaka kusema juu ya utaratibu kanisani. Maskani iko katikati, Walawi wameizunguka, na makabila kumi na mawili yamepanga matatu matatu kila upande: Yuda na wenzake mashariki, Reubeni kusini, Efraimu magharibi, Dani kaskazini. Chuoni, nilipokuwa nasoma theolojia, niliyachora marago hayo kwa rula, na kwa miaka mingi nimeuhubiri mchoro ule ule: Mungu katikati, kila mtu mahali pake, kila kiongozi juu ya kundi lake. Siku hizi naamini usomaji huo una kasoro kubwa. Niliionyeshwa Salale, na mtu asiye mshirika wetu.

Ilikuwa mapema mwaka 2024, siku tulipoweka jiwe la msingi la kanisa la mtaa. Majirani zetu Waislamu walikuja kama tunavyokwenda sisi kwao. Nikahubiri Hesabu 2. Baada ya chakula nilikwenda kumpa shikamoo mzee mmoja Mndengereko aliyekuwa ameketi chini ya mwembe. Aliitikia, akasema habari za kambi ile amezipenda. Kisha akauliza: "Sasa, mchungaji mwanangu, hao waliopangwa, waliulizwa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Sisi tulipangwa vizuri sana," akasema. "Nyumba zilinyooka kama uzi. Ila shamba lilibaki bondeni, na nguruwe hawakuhamishwa."

Alikuwa anasema habari za Operesheni Rufiji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde la mto kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa nchi ya juu, miaka michache kabla amri ya kuishi vijijini haijawa ya taifa zima. Tusiwe wadhalimu: mafuriko yalikuwa ya kweli, na katika kijiji ni rahisi zaidi kujenga shule na zahanati. Lakini mkulima wa Rufiji alikuwa akiishi na maji. Yakipanda yalimletea rutuba, yakishuka alipanda mazao ya mlau kwenye udongo wenye unyevu, na usiku alilinda mpunga akiwa kwenye dungu. Alipopelekwa mbali na shamba, ndege na nguruwe walibaki na shamba lao. Ndiyo maana wengi waliendelea kurudi bondeni kila msimu. Mpango ulionekana mzuri kwenye karatasi, na waliojua maji hawakusikilizwa vya kutosha.

Swali la mzee lilinirudisha kwenye Biblia nikiwa na aibu kidogo. Nilianza na Kutoka 18, ambako Yethro anamwonya Musa asijichoshe kwa kuamua kila shauri peke yake, bali aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Hapo wengi wetu hufikiria mara moja mabalozi wa nyumba kumi, na kwa kweli hata jumuiya zetu zimefanana nao. Lakini mshauri mwenyewe ni Mmidiani, mtu wa nje ya Israeli. Tena habari hiyo inaposimuliwa upya katika Kumbukumbu la Torati 1, Musa anawaambia watu walete wenyewe wenye hekima wanaowafahamu, nao wanakubali neno hilo. Katika Kutoka, Musa anachagua. Katika Kumbukumbu, watu wanatoa majina. Sisi tukihubiri uongozi tunasoma habari ya kwanza na kuiruka ya pili.

Lakini lililonikamata zaidi liko Hesabu 9. Siku ya Pasaka imefika, na wapo wanaume waliotiwa unajisi kwa maiti. Sheria inawazuia. Hawakunung'unika hemani mwao. Walikwenda kwa Musa na Haruni wakauliza kwa nini wazuiwe kumtolea Bwana sadaka pamoja na ndugu zao. Musa hakuwa na jibu. Aliwaambia wangoje asikie Bwana atakaloagiza, na jibu lilipokuja likawa Pasaka ya pili, mwezi mmoja baadaye. Kalenda ya taifa zima ikapata siku mpya kwa sababu watu wachache waliuliza. Binti watano wa Selofehadi walifanya vivyo hivyo katika Hesabu 27. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania wakadai urithi wa baba yao, Musa akalipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema binti hao wamesema haki.

Hapa mtu ataniuliza: na Kora je? Ni swali la haki, kwa maana Kora naye alisimama mbele ya Musa, na nchi ikammeza. Nakiri kwamba sisi viongozi tumeitumia vibaya sura hiyo. Mshirika akihoji hesabu za fedha, Jumapili inayofuata anahubiriwa Kora. Lakini binti za Selofehadi wanataja jambo hilo wenyewe. Wanasema baba yao hakuwamo katika mkutano wa Kora. Kitabu kilijua kwamba watu wangechanganya mambo haya mawili, kikayatenganisha. Kora alitaka nafasi ya Haruni. Binti hawa walitaka fungu lao la ardhi. Anayesoma Hesabu 16 bila Hesabu 27 anamnyima mshirika mlango ambao Mungu mwenyewe aliuacha wazi.

Kwa hiyo sikubali tena kwamba kilichowaunganisha Waisraeli jangwani kilikuwa mpangilio wa hema. Mpangilio ulikuwapo, na ulihitajika. Lakini penye kitovu chake palikuwa mahali pa kuulizia, na kiongozi aliyeweza kusema "ngojeni" bila kuona amevunjiwa heshima.

Nilijaribiwa katika jambo hilo mapema kuliko nilivyopenda. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba katika Rufiji na Kibiti. Sisi tulikuwa tumekwisha kubandika orodha ya ahadi za ujenzi, na siku ya mwisho ikiwa Juni. Mama mjane mmoja alinifuata baada ya ibada. "Baba mchungaji, ahadi yangu ilikuwa kwenye mpunga. Mpunga umeondoka na maji. Nifanyeje?" Nilimjibu kwamba orodha imepitishwa na wazee wa kanisa na haibadiliki kwa mtu mmoja. Alisema asante, akaenda zake. Jumapili mbili sikumwona.

Nilimfuata nyumbani, nikamwomba radhi, nikamwambia angoje. Kikao kilichofuata hakikuwa chepesi. Mzee mmoja alisema tukimsamehe huyu watakuja wote. Niliwasomea Hesabu 9, kisha Kutoka 36, ambako Musa anatangaza maragoni watu wasilete tena vitu kwa ajili ya maskani kwa kuwa vimetosha. Tulikaa mpaka jioni. Tuliondoa siku ya mwisho kwa wote waliopoteza mpunga, na mzee yule hakuunga mkono hadi leo. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na aliposema nilijizuia kumtaja Kora.

Ukuta wa kanisa umefika madirishani. Tunasalia humo hivyo hivyo.