Boti Imepandishwa na Oili Chafu Tumboni

Mliokuwa ufukweni Mbamba Bay siku ile boti ya mizigo ilipopandishwa nchi kavu mliona wenyewe. Magogo yalipangwa sawasawa, tangi la dizeli likajazwa hadi shingoni ili mvuke usipate nafasi, betri ikashushwa, bomba la moshi likazibwa. Kazi safi. Kisha fundi akatandaza turubai juu ya injini huku oili ya msimu mzima ikiwa bado ndani ya sampo, na filta ileile ikining'inia ubavuni. Hapo ndipo kazi yote iliyotangulia ilipoharibiwa.

Nilimuuliza kwa nini hamwagi. Alinijibu kwa heshima zote: "Mzee, huu upepo wa mwera ni mpaka mwezi wa tisa. Nikiweka oili mpya leo itakaa bure, itachoka. Tutamwaga siku ya kushusha, tuanze msimu na oili mbichi." Waliosimama karibu wakatikisa vichwa kukubali. Sentensi hiyo nimeisikia Lituhi, nimeisikia Liuli, na hapa Songea nimeisikia kwa wenye mashine za kusaga. Ni kosa, na ni kosa la kuua injini.

Oili haichoki kwa kukaa. Oili inachoka kwa kufanya kazi. Ile iliyofungwa kwenye galoni dukani inakaa miaka na haina neno. Ikimiminwa kwenye sampo safi na injini isiwashwe, miezi mitatu ya kipupwe haiipunguzii kitu. Iliyochoka ni ile iliyoachwa mle ndani.

Lita moja ya dizeli ikiungua inazaa maji karibu lita moja. Mengi yanatoka na moshi kama mvuke, lakini sehemu ya moshi huo inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, ikibeba maji, masizi, dizeli ambayo haikuungua vizuri, na salfa. Salfa iliyoungua ikikutana na maji inakuwa asidi. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana oili ya dizeli inawekewa viungo vya kuua asidi, lakini viungo hivyo ni akiba, vinatumika na kuisha. Oili iliyopiga kazi kutoka Novemba hadi Mei, ikivuta mahindi, saruji na makreti ya soda kutoka kijiji hadi kijiji, haina akiba hiyo tena.

Injini ikiwa safarini kila siku, joto linayakausha maji hayo na madhara yanachelewa. Ikizimwa Juni isiguswe hadi Septemba, hakuna joto la kukausha chochote. Maji yanatulia chini ya sampo. Masizi yanashuka na kuwa tope. Asidi inabaki imeshikana na chuma, hasa kwenye metali za krenki. Aliyewahi kuzifungua metali za injini iliyolazwa hivyo anajua zilivyo: uso uliotakiwa kuwa wa kijivu laini una vishimo vidogovidogo, na mahali pengine tabaka la juu limelika mpaka rangi ya shaba inaonekana. Ukipitisha kucha inakwama. Injini hiyo haitakufa siku ya kushushwa. Itakufa Februari katikati ya ziwa, presha ya oili ikishuka polepole, na fundi atasema mwenye boti alinunua oili feki.

Na hata tukikubali hoja yake kwamba kumwaga kutafanyika siku ya kushusha, hebu tumfuate hatua kwa hatua. Oili ya baridi haitoki yote. Masizi na tope vinabaki vimeganda chini. Kila fundi anajua injini ipashwe moto kwanza, dakika kumi au kumi na tano, ndipo uchafu uelee na unyonywe pamoja na oili. Kwa hiyo Septemba, kabla hajamwaga, itabidi aiwashe injini kwa oili ileile iliyooza. Miezi mitatu utando wa oili umeshateremka, krenki na kemshafti ziko karibu kavu, na kitu cha kwanza kinachopandishwa na pampu kwenda kuzilainisha ni mchanganyiko wa asidi, maji na masizi. Kuwasha kwa kwanza baada ya kukaa ndiko kunakokwangua injini kuliko safari nyingi za kawaida, na yeye amepanga kukufanya kwa oili mbovu kuliko zote. Fundi anayejiita fundi hawezi kulitetea hilo.

Linaloniuma zaidi ni wepesi wa kazi iliyoachwa. Boti ilikuwa majini, injini ina moto wa safari ya mwisho, maji ya kupoozea yanaingia yenyewe kutoka ziwani. Injini ya boti imekaa chini karibu na mkuku, huwezi kuingiza beseni chini ya nati ya sampo bila kumwaga nusu kwenye ngama, kwa hiyo unashusha mpira kwenye tundu la stiki na kunyonya kwa pampu ya mkono. Filta inafunguliwa na kufungwa mpya mahali pake: unahakikisha raba ya zamani haikubaki imenata kwenye kiti, unapaka oili raba mpya, unakaza kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya raba kugusa. Unaweka oili mpya, unawasha dakika chache ifike kila pembe, unazima, unapima. Haifiki hata saa moja. Saa hiyo ilikuwepo. Ilitumika kubishana juu ya magogo.

Filta nayo fundi alisema itasubiri "sevisi ya pili". Hili nimeshaliandika mpaka wino umekauka: filta kuukuu inashikilia oili chafu kuliko yote iliyomo kwenye injini, na ukiwasha tu inaichanganya na ile uliyonunua kwa bei. Oili mpya na filta ya zamani si sevisi.

Tangu zamani mwambao huu wetu unapandisha vyombo. Agosti 1914 Waingereza waliikuta meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu hapo Liuli kwa matengenezo. Lakini somo kubwa zaidi liko Ziwa Tanganyika. Julai 26, 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen. Mainjinia walioiunganisha, waliokuja nayo kutoka kiwanda cha Meyer kule Papenburg, hawakuiachia maji hivihivi: kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiinua 1924, baada ya karibu miaka minane, injini na boila zilikuwa bado zinafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikuwa mitambo ya mvuke, haina filta wala sampo kama ya hii boti, lakini akili ni moja: chuma kinalindwa kabla ya kulazwa. Watu wale walikuwa vitani, wanazamisha chombo chao kwa mikono yao, na bado walipata muda wa grisi. Sisi kwa amani ya kipupwe, na kilomita 66 za lami kutoka Mbinga ambako oili na filta vinauzwa, tumeshindwa.

Mafundi wazee niliowajua waliopitia karakana za misheni Peramiho wasingeifunika injini bila kuvuta stiki na kuipaka oili yake kwenye kidole. Waliinusa, waliisugua, ndipo waliamua. Leo stiki inavutwa kuona kiwango tu.

Wapo watakaosema dawa ni kwenda kila Jumamosi kuiamsha injini dakika tano. Hiyo ni dawa inayoongeza ugonjwa. Dakika tano hazifikishi joto la kukausha maji. Zinazalisha mvuke mpya na kuuacha humohumo. Ama iwashwe mpaka ipate moto kamili, ama iachwe. Na wanaopunguza gharama kwa oili ya kupima, ile ya pipa inayouzwa kwenye chupa za maji, hawajui ni ya petroli au ya dizeli, wala ilishatumika na nani. Wenye mashine za tu-stroki za kufungwa nyuma nao wasicheke. Hazina sampo, ni kweli, lakini zina oili ya gia kule chini kwenye panga. Fungueni ile skrubu kabla ya kuzilaza. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshapita kwenye sili na gia zinakula kutu sasa hivi.

Kwa boti ya Mbamba Bay bado kuna nafasi, na haihitaji kuishusha. Pipa la maji safi liwekwe ubavuni, mpira wa kufyonzea uingizwe humo na mtu asimame kuujazia, kwa sababu impela ikizunguka kavu inakatika upesi. Kitambaa cha bomba la moshi kitolewe. Krenki izungushwe kwanza bila mafuta mpaka presha ionekane, ndipo iwashwe taratibu bila kukanyagwa mpaka ipate joto. Oili inyonywe yote iingie kwenye dumu lenye kifuniko, lisiachwe ufukweni, maana ziwa hili ndilo tunalokunywa na kuvulia dagaa na mbasa. Filta mpya, oili mpya ya dizeli ya 15W-40 kutoka galoni lenye lakiri, injini iwashwe tena dakika chache, kisha bomba lizibwe. Tarehe iandikwe kwa kalamu nzito juu ya filta. Septemba kazi ya oili ibaki kuvuta stiki na kuangalia kiwango.