Kilicho Chini ya Bati

Nilikuwa nimelishika bati kwa mkono, na kovu lililo kati ya kidole gumba na cha shahada bado linanikumbusha. Nilikuwa baraza ya nyuma, hapa Lizaboni, Songea, nikitoboa kipande cha geji 28 kwa drili ya umeme. Biti ilizama, ikanasa, na bati likapanda nayo likizunguka kama feni. Baada ya kuzima mashine na kujifunga leso, nililiangalia tundu lenyewe. Lilikuwa na pembe tatu.

Pembe hizo zilinisumbua kuliko kidonda. Biti ni ya mviringo, sasa pembe zimetoka wapi? Jibu nililipata siku chache baadaye kwa rula na kalamu. Biti ya kawaida huchongwa ncha ya nyuzi 118, kwa hiyo biti ya milimita 10 ina ncha yenye urefu wa karibu milimita 3. Bati la geji 28 lina unene wa kama milimita 0.4 tu. Ncha inatokea upande wa pili tundu likiwa na upana wa milimita moja na ushee. Kuanzia hapo inaelea, haina cha kuishikilia, na makali yake mawili yanayumba huku na huku yakirarua pale yalipotakiwa kukata. Kwenye chuma kinene ncha hubaki ndani mpaka mwili wa biti uingie, kwa hiyo chuma chenyewe ndicho kinachoiongoza. Bati jembamba haliwezi kazi hiyo peke yake.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza vibatari na majiko ya mkaa, mkono ukiwa bado umefungwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ulitobolea juu ya nini?"

Nikamweleza kwamba bati lilikuwa ukingoni mwa meza, ili biti isije ikaharibu mbao.

"Basi ulikuwa unatoboa hewa," akasema.

Akavuta gogo la mninga lililosimamishwa wima, uso uliokatwa kwa msumeno ukiangalia juu. Upande huo nyuzi za mti husimama kama mabua ya mahindi shambani, na nyundo haiwezi kuzilaza. Akaweka bati juu yake. Kisha akachukua msumari wa inchi nne, na badala ya kuunoa akausugua ncha juu ya jiwe mpaka ukawa bapa kabisa. Nilidhani amekosea. Akapiga pigo moja zito. Alipoinua bati, tundu lilikuwa duara kamili, na ndani ya gogo kilibaki kisarafu kidogo cha bati kikimetameta, kimekatika kingo zote kwa usawa.

Nimekifikiria kisarafu kile mara nyingi. Msumari wenye ncha kali husukuma bati pembeni, likapasuka na kufunuka kama ua. Msumari bapa hauna pa kulisukumia, kwa hiyo hulikata, mradi chini pawe pagumu na papo karibu. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza habari za drili nzuri, mimi namuuliza kwanza ana mbao gani.

Kwangu bati hulala kati ya vipande viwili vya mbao, vimebanwa kwa klempu mbili, na alama imepigwa kwa senta panchi ili biti isiteleze. Biti inapita mbao ya juu, bati, halafu mbao ya chini, na katika safari hiyo yote ncha haikosi pa kukaa. Tundu likiwa kubwa, natumia biti niliyoichonga upya kwenye jiwe la kunolea: kincha kifupi katikati, na pembeni meno mawili yanayochora duara kwanza kabla ya kukata. Inachukua muda kuipata sawasawa, kwa kuwa meno hayo yakipishana kimo hata kidogo, moja linafanya kazi yote na lingine linatalii. Likiisha hilo, naigeuza biti nene zaidi kwa vidole tu, mara mbili au tatu, kuondoa ukingo mkali wa nyuma. Hapo sitaki umeme kabisa.

Mwendo wa polepole si ugeni. Mafundi wa majahazi huko pwani walizungusha keekee kwa uta, mbele na nyuma, na majahazi yao yalivuka bahari. Sisi Songea tuliunganishwa na gridi ya Taifa kwa laini ya kutoka Makambako mwaka 2018. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na fundi mwenye drili ya kuzungusha kwa mkono hakujali umeme ukikatika. Mkono wake ulisikia biti inapokaribia kutokea, naye akalegeza. Wengi tulionunua mashine hatukununua usikivu ule.

Na huu ni mkoa unaoishi kwa matundu. Mahindi ya Ruvuma hupita kwenye mashine za kusaga, na ndani ya kila mashine kuna chekeche: bati lenye matundu madogo mengi ambalo unga hauna njia nyingine ila kulipitia. Tundu moja likipasuka, chenga zinaingia kwenye unga wa kila aliyepanga foleni siku hiyo. Kwa wakulima wa kahawa wa Mbinga, ngoma ya mashine ya kumenyea huvishwa bati lililovimbishwa vinundu bila kutobolewa, na hiyo nayo ni kazi ya kujua pa kusimamisha nyundo. Ukitaka kikwaruzo cha karoti, geuza mambo yote: ondoa gogo, noa msumari, uache bati lipasuke na kutoa meno, kwa sababu meno ndiyo unayoyataka.

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja, mama anayelima tumbaku, aliniletea keni ya kumwagilia iliyong'oka kichwa. Mbegu ya tumbaku ni kama vumbi. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000, na mche unapochipua tone zito linatosha kuung'oa. Nikamkatia kichwa kipya, nikapanga matundu kwa duara: moja katikati, kisha 6, 12, 18 na 24. Yote 61 niliyatoboa juu ya gogo kwa msumari bapa mwembamba, nikayapitia nyuma moja baada ya jingine, maana ukingo wenye meno huvuta maji, mikondo miwili ikaungana ikawa mmoja mnene.

Mama akapitisha kidole chake ndani ya kichwa, taratibu, kisha nje. Hakusema kitu. Akajaza maji, tukaenda kwenye kitalu chake, akainamisha keni. Maji yalitoka kama nywele zilizochanwa. Alipomaliza tuta zima alichuchumaa kuangalia miche iliyokuwa na majani mawili mawili. Hakuna hata mmoja uliokuwa umelala.