Mswada, Mhariri na Kalamu Nyekundu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa zaidi na wafanyabiashara, lakini sisi walimu wa Kiswahili tuna kila sababu ya kuikumbuka. Fasihi tunayoifundisha darasani imetufikia kwa kuwa kuna mtu aliyeandika kwa mkono, na mtu mwingine akaitunza ile karatasi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jambo ambalo vitabu vyetu vya kiada hulipita kimyakimya, nalo ni safari ya matini kutoka kwenye mswada wa mkono hadi kwenye kitabu kilichopigwa chapa, pamoja na mamlaka aliyo nayo mhariri katika safari hiyo. Tutatumia mifano mitatu, kisha tutarejea hapa kwetu, Mbarara na Nakivale.

Mfano wa kwanza ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840. Mwanafunzi anapofungua Diwani ya Muyaka hudhani anamsikia mshairi mwenyewe. Kwa kweli anasikia sauti iliyopitia mikono kadhaa. Mashairi yale yalibaki katika kumbukumbu za watu wa Mombasa hadi mwishoni mwa karne ya 19, ambapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor ziliishia London, katika chuo kinachojulikana kwa kifupi kama SOAS. William Hichens ndiye aliyetoa diwani kwa hati ya Kirumi, ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya mshairi kufariki.

Kwa nini tunalisisitiza hili? Kwa sababu hati ya Kiarabu, kama ilivyotumiwa zamani, haikutenganisha sauti zote za Kiswahili. Herufi ya “be” iliweza kusomwa b, p au hata mb. Irabu i na e ziliandikwa kwa alama moja, na kadhalika u na o. Basi maneno kupe, kope na kombe yangeweza kuandikwa sawasawa kabisa. Msomaji ndiye aliyeamua kwa kuangalia muktadha, vina na mizani. Hii ina maana kwamba kila tunapomsoma Muyaka katika hati ya Kirumi, tunasoma pia maamuzi ya wahariri wake. Mwalimu asiyewaambia wanafunzi jambo hili anawanyima nusu ya uhakiki.

Mfano wa pili ni Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Hapa mikono ni michache. Mwandishi alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, na barua zikatunzwa. Thamani ya kitabu hiki, kwa maoni yetu, ni kwamba kinatuonyesha Shaaban Robert asiyekuwa jukwaani. Katika vitabu vyake vya hadithi na insha tunakutana na mwalimu wa maadili anayepima kila neno. Katika barua tunakutana na karani wa serikali ya kikoloni mwenye jamaa, shughuli na mahangaiko ya kawaida. Mwanafunzi anayesoma vyote viwili ataona kwamba ule ufasaha wa vitabuni ulikuwa kazi, wala haukuwa zawadi iliyoshuka tu. Barua zisingetunzwa, tusingekuwa na njia ya kulijua hilo.

Mfano wa tatu unatoka Kongo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Maandishi haya yalipigwa kwa mashine, hayakuandikwa kwa mkono, lakini yana tabia zote za mswada: maneno yameunganishwa au kutenganishwa bila kanuni moja, na tahajia hubadilika ukurasa hadi ukurasa. Johannes Fabian alipoyatoa katika kitabu mwaka 1990 hakuyasafisha. Aliyaweka jinsi yalivyo, kisha akamwomba mwenyeji wa lugha hiyo, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti, na usomaji huo nao ukaandikwa. Yaliyoonekana kama makosa kwenye karatasi yakawa usemi unaoeleweka yalipopata sauti. Katika mifano yetu mitatu, hii ndiyo namna ya uhariri tunayoiona bora kuliko zote, kwa kuwa inamwachia msomaji nafasi ya kumpinga mhariri.

Sasa turejee kwetu. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza mwaka 1958 kwa kuwapokea Wanyarwanda. Leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji. Humo mna maandishi mengi ya mkono: madaftari ya kwaya, kumbukumbu za vikao, barua, mashairi ya vijana, na habari za safari ambazo wazee wamewaandikia wajukuu. Hakuna anayeyaita miswada. Hukaa chini ya godoro au ndani ya mfuko wa plastiki, na mara nyingi hupotea mvua inapovuja, mchwa wanapoingia, au familia inapohamishiwa nchi ya mbali ikiwa na mizigo michache.

Tumewaona wanafunzi wetu wakipewa maandishi ya namna hiyo katika mazoezi ya uwandani. Jambo la kwanza wanalofanya ni kutoa kalamu nyekundu. Sentensi kama “mutoto moya alikuya” hugeuzwa papo hapo kuwa “mtoto mmoja alikuja”. Tunawaelewa, maana ndivyo tulivyowafundisha. Lakini hebu tutazame maneno haya, moya na kuya. Maneno hayohayo yamo katika tenzi za Lamu na Pate, kwa kuwa Kiamu husema moya na kuya pale Kiswahili sanifu kinaposema moja na kuja. Tukiyakuta katika utenzi wa kale tunaandika tanbihi ya heshima: “lahaja ya kaskazini”. Tukiyakuta katika daftari la Nakivale tunaandika: “kosa”. Hatudai kwamba lahaja hizi mbili zina historia moja. Tunachosema ni kwamba neno ni lilelile, na kinachobadilika ni heshima tunayompa mwandishi.

Hasara yake si ya heshima peke yake. Kijana aliyetunga beti zenye kina cha -ya, akamalizia mshororo kwa “alikuya”, atavunjiwa kina chake na msahihishaji anayeandika “alikuja”. Kisha msahihishaji huyohuyo atamhukumu kwamba hajui kanuni za ushairi. Huo si uhakiki.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha Kiswahili sanifu, hasa sasa. Ni kweli. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Shule zinahitaji usanifu, nasi hatuupingi. Lakini insha ya mtihani ni kitu kimoja, na mswada wa mtu ni kitu kingine. Insha husahihishwa ili mwanafunzi ajifunze. Mswada husomwa ili sisi tujifunze.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu mwepesi kwa yeyote atakayeshika daftari la namna hii. Kwanza, apate ridhaa ya mwenyewe, na akumbuke kwamba jina au habari ya mkimbizi ikitangazwa inaweza kumletea hatari. Pili, apige picha kila ukurasa, kisha daftari libaki kwa mwenyewe. Tatu, anakili herufi kwa herufi bila kurekebisha chochote. Nne, amwombe mwandishi au jirani yake asome kwa sauti. Hapo ndipo anapoweza kuandaa toleo sanifu, likae kando ya matini asilia bila kuifuta.

Miswada ya Taylor ipo London. Mkusanyo mkubwa ambao J. W. T. Allen aliutolea orodha mwaka 1970 upo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wetu wachache watafika huko. Nakivale wanaweza kwenda asubuhi na kurudi Mbarara jioni. Wakienda, kalamu nyekundu waiache ofisini.