Damu ya uzazi ipimwe, isikisiwe

Mama akishajifungua na damu ikaendelea kutoka, wakunga wengi hukisia kwa macho: shuka imelowa kiasi gani, sakafuni imemwagika kiasi gani. Macho hupunja, na damu ikiwa nyingi hupunja zaidi. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotoka Mei 2023 katika New England Journal of Medicine, ulianzia hapo.

Zilihusika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Zilizoingia kwenye hesabu ni 78, zenye wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kura ya kuamua nani afuate utaratibu mpya na nani aendelee na wa kawaida ilipigwa kwa hospitali, si kwa mama mmoja mmoja, na ni sawa: mkunga aliyefundishwa utaratibu mpya hawezi kuutumia kitanda cha kwanza akajifanya haujui akifika cha pili.

Kilichonivutia zaidi ni plastiki yenye mfuko wa kukingia damu, anayotandikiwa mama chini ya makalio. Ilitumika pande zote mbili. Upande wa utaratibu mpya mfuko ulikuwa na mistari ya vipimo. Upande wa pili haukuwa na alama yoyote. Kote damu ilipimwa kwenye mizani baadaye. Hivyo watafiti walipata kipimo kilekile kote bila kumwonyesha mkunga wa upande wa pili chochote.

Damu ikifika mililita 500, au 300 huku mapigo au presha vimeanza kuharibika, mkunga hasubiri. Anasugua mji wa mimba, anatoa oksitosini na asidi ya traneksamiki, anatundika dripu, anakagua njia ya uzazi na kondo. Damu isipokata, anaita msaada. Hatua hizi huenda pamoja, haingojwi moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine.

Waliovuja damu kupita kiasi waligunduliwa kwa asilimia 93, dhidi ya 51 upande wa pili. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au kufa kwayo, yalikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Lakini tofauti hiyo imebebwa karibu yote na ile lita moja. Vifo vilikuwa vichache mno kuthibitisha lolote. Anayetangaza kwamba mfuko umepunguza vifo kwa asilimia 60 hakusoma jedwali.

Sasa tuulete utaratibu huu Rwimbogo, wilayani Rusizi nchini Rwanda. Rwanda haikuwamo katika utafiti, na hospitali zilizochaguliwa zilikuwa na uwezo wa kupasua. Vijijini huku uzazi wa kawaida ni kazi ya kituo cha afya. Mama akizidiwa, hupelekwa hospitali ya wilaya kwa gari la wagonjwa. Ndege zisizo na rubani zinasafirisha damu nchini tangu 2016, ila mama naye lazima afike inakotundikwa.

Kwa kituo cha namna hiyo, mstari wa 300 una maana kuliko wa 500. Hapo gari liitwe. Likikuta damu imekata, lirudi tupu.