Sekondi Solo: Kipimo cha Zilipendwa

Sifa zinazomwagiwa bendi za kopi katika kumbi za Singida Mjini, na katika harusi za Kiomboi, Ikungi na Manyoni zinazofuatana mara baada ya mavuno ya alizeti, zimefikia mahali ambapo kipimo hakina budi kuwekwa wazi. Bendi ya kopi, yaani ile inayopiga nyimbo za bendi nyingine kama zilivyorekodiwa, haina kosa kwa kazi yake hiyo. Kinachoudhi ni kwamba mtu mmoja mwenye kinanda, akibonyeza kitufe cha mdundo uliopangwa kiwandani na kuimba "Zuwena" ya Marijani Rajab kwa sauti nzuri, hutuzwa noti kana kwamba ameirudisha Dar International jukwaani. Hajairudisha. Amerudisha maneno na mahadhi tu, na wazee waliokaa ukumbini, ambao wanajua tofauti, wamenyamaza.

Zilipendwa ni nyimbo za muziki wa dansi zilizotamba kati ya miaka ya 1960 na 1980, nyingi zikiwa zimerekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo uliokamilika una sehemu mbili: ya kwanza ni ya mashairi, ambayo huenda taratibu ili kisa kisikike, na ya pili ni chemko, ambapo mwendo hubadilika na magitaa huachiwa uwanja ili watu wacheze. Magitaa yenyewe ni solo, ridhimu, besi na sekondi solo. Hili la mwisho hukaa kati ya solo na ridhimu, likirudia kipande kifupi cha noti chache ambacho si wimbo wala si mapigo matupu, na kazi yake ni kujaza nafasi ambazo solo imeziacha kwa makusudi.

Hapo ndipo msikilizaji asiye na mazoea hupotea kila mara. Kwanza humfuata mwimbaji, kisha solo ikipanda hushangilia solo, na sekondi solo humpita kama maji chini ya daraja. Ilhali ubora wote umelala humo. Mpigaji hodari wa sekondi solo haanzi pamoja na solo, bali husubiri noti yake ya kwanza itue, halafu huingia nyuma yake, na pigo la mwisho la kila mzunguko huliacha wazi ili solo ipate pa kukanyaga. Mwimbaji anapoimba, mpigaji huyo hushusha mkono hadi asikike kwa mbali, kisha hujibu mwishoni mwa mshororo kwa noti mbili au tatu. Chemko linapokaribia, ni yeye anayebadilisha kipande chake kwanza, mzunguko mmoja kabla ya wenzake, na bendi nzima hugeuka kwa kumfuata. Asiyeisikia hatua hiyo hajausikia wimbo, hata kama anayakumbuka maneno yake yote.

Nidhamu hiyo ilitokana na namna kazi zilivyorekodiwa. Studio za redio wakati huo hazikuwa na mitambo ya kunasa kila chombo peke yake na kukirekebisha baadaye, kwa hiyo bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na mmoja akikosea wote walianza upya. Mpigaji aliyezoea kusikiliza wenzake ndiye aliyefaa. Michael Enoch, aliyepiga solo katika Dar es Salaam Jazz kabla ya kuongoza muziki wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, ni mfano wa fundi aliyejua vyombo vingi, na kwa hiyo alijua kila chombo kinyamaze wapi. Wanamuziki kadhaa wa bendi hiyo, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo, walipohamia International Orchestra Safari Sound mwaka 1985, sauti zilihama, lakini mpenzi wa dansi aliendelea kutofautisha Sikinde, Msondo na Ndekule kabla mtu hajafungua kinywa. Hayo ni majina ya mitindo, yaani namna ya bendi ya kupiga na kuchezesha, na mtindo hutambulika kwa magitaa ya kati.

Mkoa wa Singida una sababu yake ya kulisikia gitaa hilo vizuri kuliko kumbi za Dar es Salaam. Bendi kubwa zilifika hapa kwa mawimbi ya redio zaidi kuliko kwa miguu, na redio yenyewe mara nyingi ilikuwa National, chapa ya Kijapani iliyokuwa na kiwanda Dar es Salaam, yenye spika isiyozidi upana wa kiganja. Betri zilipochoka zilianikwa juu ya paa la tembe tangu asubuhi, zikageuzwa mchana kama mahindi, na jioni zikatoa nguvu ya nyimbo tatu au nne. Spika ndogo namna ile haiwezi kubeba besi, na dramu husikika kama kijiti kikigonga sufuria, kwa hiyo kilichobaki ni sauti za waimbaji na magitaa ya kati. Kizazi kilichokua kikiegemea ukuta wa udongo jioni, kikisikiliza bendi za jirani za Tabora, kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, kilifundishwa sekondi solo bila kujua kwamba kinafundishwa. Masikio kama yale hayapatikani tena kwa wingi.

Vipimo vingine ni vyepesi. Mkazo wa neno la Kiswahili, ambao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, usivunjwe ili kufurahisha mahadhi. Wimbo usiofika dakika sita haujaiva. Mwendo usiharakishwe: Mbaraka Mwinshehe, ambaye Morogoro Jazz yake ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, alikuwa radhi kukirudia kipande kimoja cha solo hadi kikolee, na anayekikimbiza leo anaficha udhaifu wa vidole. Kinanda hakina nafasi katika zilipendwa.

Udanganyifu nao una alama zake. Mwimbaji anayeelekeza kipaza sauti kwa watazamaji penye noti ngumu amekwepa kazi aliyolipwa kuifanya. Wauzaji wa nyimbo kwenye kadi za simu huandika jina la bendi ya zamani juu ya rekodi mpya ya watu wengine, na mnunuzi huondoka ameridhika kwa kuwa sauti inafanana. Mnunuzi huyo na achukue rekodi yake aipige kwenye redio ndogo ya mkononi, mbali na maspika makubwa yanayotikisa meza. Kama ni ya bandia, besi ikishaondoka hakitabaki chochote ila mtu anayeimba peke yake. Kama ni ya kweli, kati ya mshororo na mshororo zitasikika noti mbili au tatu, zikijibu.